Nyota za Lumbesa

Anayenunua viazi katika soko la Madaraka mjini Thika hahitaji kuelezwa lumbesa ni nini. Gunia hujazwa hadi mdomoni, kisha hushonewa wavu juu yake likajazwa tena, likasimama na kilemba kama bwana harusi. Mkulima hulipwa gunia moja. Mnunuzi huondoka na gunia na nusu. Mwaka 2019 serikali ilitoa kanuni kwamba gunia la viazi lisizidi kilo 50, na tangu hapo ugomvi wa vilemba umeendelea. Nauelewa uchungu wa wakulima. Kipimo kikiharibika, bei nayo hupoteza maana, na hakuna anayejua tena nani anamdai nani.

Historia ninayoisimulia hapa ni ya lumbesa nyingine, iliyoonekana angani mwaka 2003 ikawatia wanafalaki hofu ile ile ya kipimo. Ni historia ndefu, na sehemu yake moja ilipita juu kabisa ya mapaa ya Ruiru na Thika.

Jioni ya tarehe 11 Novemba 1572, kijana wa Kidenmaki wa miaka 25 aitwaye Tycho Brahe alitazama juu akaona nyota kali katika kundinyota la Mke wa Kurusi, mahali ambapo hapakuwa na nyota ya kutajika. Hakuyaamini macho yake. Akawauliza waliokuwa naye kama nao wanaiona. Kwa mtu aliyesimama Thika, nyota hiyo ilikuwa upande wa kaskazini, juu ya vilima vya Murang'a, karibu theluthi ya njia kutoka upeo wa macho hadi utosini. Kule pwani ilikuwa bado miaka 21 kabla Wareno hawajaanza kuijenga Fort Jesus.

Watu wengi waliiona. Tycho alifanya jambo la ziada: alirudi kuitazama, usiku baada ya usiku, kwa muda wa miezi 16, na kila mara akailinganisha na jirani zake. Mwezi wa Novemba aliiweka sawa na Zuhura. Desemba ikawa kama Mshtarii. Miezi michache baadaye ilikuwa imeshuka daraja la nyota angavu za kawaida, rangi yake ikitoka kwenye weupe kwenda manjano, kisha wekundu kama wa Mirihi. Machi 1574 ikatoweka. Hakuwa na darubini, maana haikuwa imebuniwa. Alikuwa na macho, subira na kalamu. Mwaka 1945 Walter Baade alizichukua kumbukumbu hizo akazigeuza kuwa mchoro wa mng'ao, yaani mstari unaopanda na kushuka kwa tarehe, na mstari ule ukafanana na wa milipuko ya nyota aliyoijua kutoka galaksi za mbali. Daftari la mtu aliyekufa miaka 344 kabla ya hapo lilikuwa bado linatoa ushahidi.

Haikuwa ya kwanza wala kali kuliko zote. Mwaka 1006, sawa na 396 wa Hijra, ilitokea nyingine upande wa kusini ambayo Ali ibn Ridwan, akiwa kijana huko Misri, aliikumbuka baadaye kuwa kubwa kuliko Zuhura mara mbili na nusu au tatu, na mwanga wake ukizidi kidogo robo ya mwanga wa mwezi. Wakati huo Shanga katika kisiwa cha Pate ulikuwa tayari mji wenye msikiti, na mabaharia wake walikuwa na nyota ile juu ya milingoti yao, juu zaidi kuliko alivyoiona ibn Ridwan, kwa kuwa ilikuwa nyota ya kusini.

Ni nini kinacholipuka namna hiyo? Jibu lilianza kupatikana baharini. Tarehe 31 Julai 1930 meli iitwayo Pilsna iling'oa nanga Bombay kwenda Venice kupitia Aden na Suez. Ndani yake alikuwemo Subrahmanyan Chandrasekhar, Mhindi wa miaka 19 aliyekuwa anakwenda kusoma Cambridge. Bahari ilikuwa ile ile ya majahazi yetu, na msimu ulikuwa wa kusi. Kijana huyu alijishughulisha na hesabu za nyota kibete nyeupe.

Nyota kibete nyeupe ni kaa la nyota iliyokwisha kuni zake. Lina uzito unaokaribia wa jua letu, lakini limebanwa hadi kutoshea katika umbo lisilozidi dunia; kijiko kimoja cha chai cha mata yake kina uzito wa tani kadhaa. Kinachoizuia isijiangukie ni elektroni zake, zinazokataa kubanwa zaidi. Chandrasekhar aliona kwamba ukataaji huo una kikomo. Kadiri kaa linavyozidi uzito, elektroni hukimbia kwa kasi inayokaribia ya mwanga, na nguvu zao za kusukuma hazipandi tena kama inavyotakiwa. Ukifika uzito wa jua moja na sehemu nne za kumi, hivi ndivyo tunavyouandika leo, hakuna tena cha kulishikilia. Januari 1935, mbele ya wanafalaki wakubwa mjini London, Arthur Eddington alisimama akayafanyia mzaha matokeo hayo. Chandrasekhar hakujibu kwa kelele. Aliendelea na kazi, akahamia Marekani, na mwaka 1983 akapewa Tuzo ya Nobel.

Kikomo hicho ndicho kilichowapa wanafalaki debe lao. Wachumaji wa kahawa katika mashamba ya Ruiru hulipwa kwa debe: haijalishi nani amechuma wala kwenye mstari upi, debe likijaa limejaa. Kibete kikiwa na nyota jirani na kikawa kinamnyonya gesi yake, uzito wake huongezeka polepole hadi karibu na kile kikomo. Hapo kaboni iliyo ndani hushika moto, na kwa muda wa sekunde chache nyota nzima hupasuka. Ikiwa kila moja hulipuka debe likiwa limejaa, basi kila moja hutoa mwanga unaokaribiana. Ukiiona moja inang'aa hafifu, unajua kwamba iko mbali, na hesabu ikakuambia ni mbali kiasi gani. Tegemeo la kupima ulimwengu mzima likawekwa juu ya debe hilo.

Lakini habari ya nyota kunyonyana gesi iliaminikaje? Hapa ndipo Kenya inapoingia, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu sura hii ni yetu na watoto wetu wengi hawaifahamu.

Katika ghuba ya Ungwana, mbele ya kijiji cha Ngomeni kaskazini mwa Malindi, yanasimama majukwaa ya chuma yaliyopandwa baharini na Waitaliano katika miaka ya 1960 chini ya Profesa Luigi Broglio wa Chuo Kikuu cha Roma. Waliliita jukwaa la kurushia roketi San Marco. Walikuja huku kwa sababu ya ikweta. Dunia inapojizungusha, mahali hapa pa dunia huenda kwa kasi kuliko popote, zaidi ya mita 460 kwa sekunde, na roketi inayorushwa kuelekea mashariki huipata kasi hiyo bure. Zaidi ya hayo, setilaiti inayozunguka juu ya ikweta hukwepa sehemu kubwa ya mnururisho unaoharibu vipimo.

Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ilipokuwa inaadhimisha miaka saba ya uhuru, roketi aina ya Scout iliondoka San Marco saa saba na dakika 53 mchana. Ilibeba setilaiti ya Marekani ya kilo zipatazo 140, ya kwanza duniani kutengenezwa kwa kazi moja tu ya kuangalia eksirei za angani. Marjorie Townsend, mwanamke aliyesimamia mradi huo katika shirika la NASA, akaipa jina la Kiswahili, Uhuru, kwa heshima ya wenyeji na ya siku yenyewe. Riccardo Giacconi aliongoza sayansi yake. Mwaka 2002 naye akapewa Nobel.

Eksirei za nyota hazifiki ardhini. Hewa huzizuia zote, na hilo ni heri kwa ngozi zetu, ila mwenye kutaka kuziona hana budi kupanda juu ya hewa. Uhuru ilipanda kilometa zaidi ya 500, ikawa inaizunguka dunia kila baada ya dakika 96 hivi. Njia yake haikutoka nje ya nyuzi 3 kaskazini au kusini mwa ikweta. Thika na Ruiru ziko nyuzi 1 na kidogo kusini. Basi kwa miaka miwili na zaidi, kama mara 15 kwa siku, chombo chenye jina la Uhuru kilipita juu ya mashamba ya kahawa ya Ruiru na ya mananasi ya Thika, na watu walikuwa chini yake wakipalilia. Nikiwaza hilo, hunijia fahari iliyochanganyika na majuto. Fahari kwa sababu macho yale yalifunguliwa kwetu. Majuto kwa sababu vipimo vilivyotoka pale vilisomwa kwingine.

Na vipimo vile vilikuwa vikubwa. Uhuru iliorodhesha vyanzo 339 vya eksirei. Kimoja, katika kundinyota la Kantarusi, kilikuwa kinapiga mapigo kila sekunde 4.8, na uchunguzi ukaonyesha kwamba ni nyota ndogo nzito mno inayomnyonya mwenziwe gesi. Unyonyaji ulikuwa dhahiri sasa. Miaka minne na ushei baadaye, tarehe 7 Mei 1975, setilaiti nyingine ya jamii hiyo, SAS-3, ilirushwa kutoka jukwaa hilo hilo la Ngomeni, nayo ikaona eksirei zikitoka kwenye kibete cheupe chenye usumaku mkali katika kundinyota la Hercules, kikiwa katika kazi hiyo hiyo ya kunyonya. Tena, katika orodha ya Uhuru kulikuwa na alama moja upande wa Mke wa Kurusi: moshi wa ile nyota ya Tycho, bado wa moto karibu miaka 400 baada ya mlipuko. Mwaka 2008 wanafalaki waliokuwa wanatumia darubini ya Wajapani huko Hawaii walinasa mwangwi wa mwanga wa mlipuko wenyewe, ule uliogonga vumbi la mbali ukachelewa njiani, wakathibitisha kwamba kilicholipuka mwaka 1572 kilikuwa kibete cheupe.

Turudi kwenye debe. Kadiri milipuko mingi zaidi ilivyopimwa, ndivyo ilivyoonekana kwamba madebe hayajazwi sawasawa kabisa. Mwaka 1993 Mark Phillips, aliyekuwa akifanya kazi Chile, alionyesha utaratibu wake: ile inayong'aa zaidi hufifia polepole, na ile hafifu hufifia haraka. Ilitosha kupima mng'ao wakati wa kilele na siku 15 baadaye, kisha kurekebisha. Kwa kipimo hicho kilichorekebishwa, makundi mawili ya watafiti yalitangaza mwaka 1998 kwamba ulimwengu unatanuka kwa kasi inayoongezeka. Saul Perlmutter, Brian Schmidt na Adam Riess walipata Nobel kwa kazi hiyo mwaka 2011.

Kabla ya tuzo hiyo, kilemba kilikuwa kimeshatokea. Aprili 2003, darubini ya Kanada, Ufaransa na Hawaii iliyo juu ya mlima Mauna Kea ilinasa mlipuko katika galaksi ya mbali sana, mwanga wake ukiwa umesafiri mabilioni ya miaka. Ulipewa jina la orodha, SNLS-03D3bb, na baadaye SN 2003fg. Andrew Howell na wenzake walipoupima waliona kwamba aina yake ni ya vibete vyeupe, lakini mng'ao wake ulikuwa zaidi ya maradufu ya kawaida. Ajabu ya pili ilikuwa mwendo. Mabaki yake yalitawanyika kwa kilometa 8,000 hivi kwa sekunde, polepole kuliko ilivyotarajiwa kwa mlipuko mkali namna ile. Matatu iliyosheheni abiria hupanda mlima kwa kusuasua hata dereva akikanyaga mafuta hadi mwisho. Mlipuko huu nao ulikuwa unabeba mzigo mkubwa. Hesabu yao, iliyotoka mwaka 2006 katika jarida la Nature, ilifikia uzito wa majua mawili na zaidi. Kikomo cha Chandrasekhar ni 1.4. Gunia lilikuwa na kilemba.

Nyingine zilifuata: SN 2006gz, SN 2007if, na ile ninayoiona bora kuliko zote kwa simulizi, SN 2009dc. Hii ilionekana Aprili 2009 katika galaksi isiyo mbali mno, kwa hiyo iliweza kufuatwa. Kundi moja la watafiti liliifuata kwa miezi 14, karibu muda ule ule wa Tycho. Kazi yenyewe ni ya kurudia: unapiga picha ya galaksi kupitia chujio la bluu, la kijani, la nyekundu, unailinganisha na nyota za jirani ambazo mng'ao wake unajulikana, unaondoa mwanga wa galaksi yenyewe, unaweka nukta moja kwenye mchoro. Kesho usiku nukta nyingine. Mawingu yakija, pengo. Mlipuko wa kawaida, siku 15 baada ya kilele, hubaki na theluthi na ushei ya mng'ao wake wa bluu. SN 2009dc ilikuwa bado na nusu.

Kinachouendesha mchoro huo ni nikeli. Mlipuko hutengeneza nikeli ya aina isiyotulia, ambayo hupungua nusu kila baada ya siku 6 hivi ikigeuka kobalti, na kobalti hiyo hupungua nusu kila baada ya siku 77 ikigeuka chuma. Joto la mageuzi hayo ndilo mwanga tunaouona. Mlipuko wa kawaida hutoa nikeli yenye uzito wa sehemu sita za kumi za jua. Kwa hizi za lumbesa mahesabu yamekuwa yakitoa zaidi ya jua moja zima. Mwisho wa yote ni chuma, na sehemu kubwa ya chuma cha ulimwengu imetoka katika milipuko ya vibete vyeupe. Udongo wa Ruiru ni mwekundu kwa sababu ya chuma kilichoshika kutu ndani yake. Watafiti wa kahawa katika kituo cha Ruiru, walioipa dunia mbegu ya Ruiru 11 katika miaka ya 1980, wamefanya kazi maisha yao yote juu ya majivu ya nyota, na majivu hayo hayo yako kwenye viatu vya kila anayetembea Kiambu wakati wa mvua.

Kilemba kilitoka wapi? Wako wanaosema kibete kilikuwa kinazunguka kwa kasi kiasi cha kuweza kubeba zaidi ya kikomo, kama mtungi unaozungushwa bila kumwaga maji. Wako wanaosema vibete viwili vilizunguka pamoja, vikakaribiana, vikaungana. Kwa miaka ya karibuni ushahidi umeegemea upande wa pili. Aprili 2020 darubini ya Kiso nchini Japani, yenye kamera inayochukua picha mfululizo kama filamu, iliikamata SN 2020hvf ikiwa changa kabisa, na katika siku ya kwanza ikaonekana kumeta ghafla kabla ya mng'ao wa kawaida kuanza kupanda. Maana yake ni kwamba mlipuko uligonga gesi iliyokuwa imeizunguka nyota. Gesi kama hiyo yaweza kuachwa na kibete kimoja kilichopasuliwa na mwenziwe wakati wa kuungana. Mimi navutiwa na maelezo haya, kwa sababu yanaeleza mambo mawili kwa pamoja: uzito uliozidi, na mwanga wa ziada unaotokana na mgongano badala ya nikeli peke yake. Wanaopima ulimwengu, kwa upande wao, wamejifunza kuyatambua magunia haya na kuyaweka kando ya hesabu.

Kutoka Ruiru hadi Thika, kazi ya namna hii ina adui mmoja mkubwa. Tangu barabara kuu ya Thika ifunguliwe rasmi Novemba 2012, ukanda huu umejaa nyumba na taa, na anga la upande wa Nairobi halilali. Juni hadi Agosti wingu la baridi hufunika Kiambu wiki nzima. Lakini tarehe 21 Januari 2014 mwalimu Steve Fossey alikuwa London, mji wenye taa kutushinda, akiwafundisha wanafunzi wanne kutumia darubini ndogo. Mawingu yalikuwa yanakuja, akabadilisha somo akaielekeza haraka kwenye galaksi ya M82. Katika dakika chache wakaona nyota isiyokuwepo kwenye picha za zamani. Ilikuwa kibete cheupe kilicholipuka, mlipuko wa aina yake ulio karibu nasi kuliko wowote kwa miongo kadhaa. Wanafunzi wa namna hiyo tunao Juja, katika chuo kikuu kilichoanza mwaka 1981 kwa msaada wa Wajapani, na tunao katika shule za Thika. Susan Murabana na Chu Owen wamekuwa wakizunguka nchini na darubini yao tangu 2014 wakiwaonyesha watoto pete za Zohali. Mei 2018 setilaiti ndogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi, iliyotengenezwa pamoja na kile chuo kikuu cha Broglio huko Roma, iliachiwa kutoka kituo cha anga za juu. Aprili 2023 ikafuata Taifa-1. Hizo ziliundwa kutazama chini, kwenye mashamba na misitu, na kazi hiyo ni ya lazima. Natamani inayofuata igeuzwe itazame juu.

Kwa sasa, asiye na darubini anaweza kuanza na Shira, nyota angavu kuliko zote za usiku. Ina mwenziwe asiyeonekana kwa macho, kibete cheupe kilichoonwa kwa mara ya kwanza mwaka 1862 na Alvan Graham Clark wa Marekani alipokuwa anajaribu lenzi mpya. Uzito wake ni jua moja na kidogo, chini ya kikomo, na kiko mbali mno na Shira kuweza kumnyonya. Jioni ya tarehe 12 Desemba, watu wanaporudi kutoka sherehe za Jamhuri, ukisimama mashariki mwa Thika mahali pasipo na taa utaiona Shira kama saa mbili usiku ikichomoza karibu na bega la Kilimambogo, ikimetameta bluu na nyeupe kwenye hewa nzito ya chini, na yule mwenziwe akiwa hapo hapo ubavuni mwake.